UZI: Mstari wa kijani kwenye pakiti ya dawa hausemi lolote kuhusu vinasaba vyako

#1 BintiMlalo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu wenu, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu niliporudi kutoka nyumbani.

Kwetu ni Mlalo, wilaya ya Lushoto. Kazi yangu ni ya maabara. Kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye kitengo kinachopima kama kemikali inaharibu vinasaba. Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumwona mama. Asubuhi nikateremka bondeni kwenye bustani ya mdogo wangu, nikamkuta anachanganya dawa ya nyanya. Bomba la lita 16 liko chini, pakiti mbili zimefunguliwa, chupa moja pembeni, vyote vinaingia ndoo moja. Kijiti cha kukorogea hakipo. Anakoroga kwa mkono, umezama mpaka kwenye kiwiko.

Nilipomfokea akachukua pakiti moja akanigeuzia ule mstari wa rangi chini ya lebo. "Dada, tulia. Hii ni ya kijani. Dukani wamesema ya kijani haina shida."

Kwamba haitamwangusha pale pale mferejini, ni kweli. Hapo ndipo penye mtego.

Rangi zile zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Nyekundu ni sumu kali, halafu njano, bluu, na kijani mwisho. Zinajibu swali moja: ni kiasi gani kinachoua nusu ya panya wa maabara wakimezeshwa au wakipakwa kwenye ngozi. Dawa inayoua kwa kiasi kidogo inapewa nyekundu. Inayohitaji kiasi kikubwa inapewa kijani. Ni swali la kifo cha leo au kesho. Swali la seli iliyoguswa na dawa, ikagawanyika, ikanakili vibaya maandishi yake ya urithi, na kosa lile likaendelea kunakiliwa miaka kumi baadaye, halimo kwenye rangi kabisa.

Ile pakiti ya mdogo wangu ilikuwa kabendazimu, dawa ya ukungu. Kwa sumu ya papo kwa papo WHO wanaiweka kundi la chini kabisa. Kemikali hiyo hiyo Umoja wa Ulaya umeiweka daraja la 1B, la pili kutoka juu, la vitu vinavyoharibu vinasaba vya mbegu za uzazi, na 1B nyingine kwa kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Kibali chake cha kutumika shambani huko Ulaya kiliisha Novemba 2014.

Kijani na 1B kwenye pakiti moja, na wala hakuna aliyedanganya. Ni vipimo viwili tofauti. Kimoja kimechorwa kwa rangi mkulima akione, kingine kimebaki kwenye makabrasha.

Niko tayari kujibu kwa kadiri ninavyojua.

#2 Mzee_wa_Chumbageni

Binti, asante kwa uzi. Mimi nilifanya kazi mashamba ya mkonge ujanani, hatukujua hata hizo rangi. Naendelea kusoma.

#3 Lukozi_Karoti

Dada Binti, mimi ni mkulima, niko Lukozi, karoti na kabichi. Nauliza swali la mtu asiyesoma sana: mnajuaje kwamba dawa imeharibu vinasaba? Vinasaba havionekani. Mtu akipata kansa baada ya miaka ishirini utasema ni dawa au ni sigara?

#4 BintiMlalo

Kaka, hilo ndilo swali lenyewe, na lilisumbua wataalamu miaka mingi. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba mionzi ya eksirei inabadilisha urithi wa nzi wa matunda. Wakati wa vita kuu ya pili Charlotte Auerbach, kule Edinburgh, akaona gesi ya haradali inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo ilijulikana kemikali zinaweza. Shida ilikuwa kwamba kulea nzi au panya kizazi kwa kizazi kwa kila kemikali mpya ni kazi ya miaka na fedha nyingi.

Njia ya mkato aliipata Bruce Ames wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nitaieleza taratibu kwa sababu ndiyo niliyoifanya mara nyingi kuliko zote, na bado naipenda.

Unachukua bakteria wa Salmonela walioharibiwa makusudi sehemu moja ya vinasaba, wakashindwa kujitengenezea histidini. Histidini ni kirutubisho ambacho bila hicho bakteria hawezi kuongezeka. Unawaweka kama milioni mia moja kwenye sahani ya agari (ute mgumu wa kukuzia bakteria) isiyo na histidini, isipokuwa chembe kidogo tu ya kuwawezesha kugawanyika mara chache. Kisha wanakwama.

Sasa unawapa dawa unayoipima. Ikiwa dawa inavuruga vinasaba, kati ya hao milioni mia watatokea wachache ambao kosa jipya limeangukia pale pale palipoharibika, likaparudisha palivyokuwa. Hao wanapata tena uwezo wa kutengeneza histidini. Wanaota. Unaweka sahani kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 48, ukitoa unakuta vitone vyeupe, kila kitone ni ukoo wa bakteria mmoja aliyebadilika. Unahesabu kwa macho.

Kwa hiyo kaka, vinasaba havionekani, lakini vitone vinaonekana.

Wapo wanaobadilika wenyewe hata bila dawa. Aina tunayoiita TA100 inaweza kutoa vitone mia na zaidi kwenye sahani isiyo na kitu. TA1535 inatoa vichache, pengine kumi. Ndiyo maana kila siku ya kazi unaweka sahani tupu ya kulinganisha na sahani ya sumu inayojulikana. Unaangalia kama vitone vinapanda kadiri unavyoongeza dozi. Mwongozo wa kimataifa, OECD namba 471, unataka aina tano za bakteria, maana kila aina ina kosa la namna yake: wengine herufi moja ya DNA (uzi wa kemikali unaobeba vinasaba) imebadilishwa, wengine herufi imeongezwa au imeondolewa. Dawa moja inaweza kugusa kundi hili ikaliacha lile.

#5 Fundi_Mabanda

Mkuu, kwa heshima zote, mimi sikubali kirahisi. Bakteria ana uhusiano gani na mimi? Hana ini, hana damu. Kinachomdhuru yeye kwangu kinaweza kuwa si kitu, na kinyume chake.

#6 BintiMlalo

Ndugu Fundi, umegusa kitu ambacho Ames mwenyewe alikiona. Herufi za DNA ya bakteria na zako ni zile zile nne, lakini mwili wako una ini, na ini hugeuza kemikali kabla haijafika kwingine. Mara nyingine huipunguza makali. Mara nyingine huitia makali. Sumukuvu ya aflatoksini, hii ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, haishiki DNA mpaka ini liigeuze.

Kwa hiyo ini tunampelekea bakteria. Ini la panya linasagwa, linazungushwa kwenye mashine kwa nguvu mara 9,000 ya uvutano wa dunia, na maji yanayobaki juu ndiyo tunayochanganya kwenye sahani. Tunayaita S9, na hiyo tisa imetoka kwenye ile elfu tisa. Kila dawa hupimwa mara mbili, na S9 na bila S9.

Lakini kinyume chake, kama ulivyosema, kipo. Kaptani, dawa ya ukungu ya siku nyingi, inatoa vitone vingi kwenye sahani, ila ndani ya mnyama mzima inavunjwa upesi sana, na vipimo vya mnyama havikuonyesha madhara yale. Kipimo cha sahani ni mlinzi wa getini. Anapiga kelele, halafu wengine wanakwenda kuangalia.

Niongeze kitu ambacho watu wengi hawakijui: sahani isiyo na kitone hata kimoja inaweza kukudanganya. Dawa nyingi za shambani zinaua vijidudu. Ukiweka dozi kubwa bakteria wote wanakufa, hakuna wa kubadilika, sahani inatoka safi kama maji ya chemchemi. Mtu mwenye haraka ataandika "haina madhara". Aliyefundishwa vizuri ataweka sahani chini ya hadubini kwanza, aangalie kama lile zulia jembamba la bakteria waliokwama bado lipo. Kama zulia limekufa, sahani ile haina ushahidi wowote. Nimewahi kurudia kazi ya wiki nzima kwa sababu ya hilo.

#7 Lukozi_Karoti

Nimeelewa mpaka nimemsomea mke wangu. Sasa hiyo kabendazimu ya mdogo wako ilitoa vitone?

#8 BintiMlalo

Hapo ndipo patamu, kaka, na panachoma.

Kabendazimu safi haimsumbui bakteria kwenye kipimo cha Ames. Haigusi herufi za DNA. Inavyoua ukungu ni kwa kushika nyuzi ambazo seli inazitumia kuvuta kromosomu (mafungu ya DNA yenye vinasaba) wakati wa kugawanyika, nusu huku na nusu kule. Bakteria hana nyuzi za namna hiyo, kwa hiyo kipimo chake hakiwezi kuliona kosa hili. Wewe unazo. Nyuzi zikilegea, kromosomu moja inaachwa nyuma, seli moja inapata pungufu na nyingine inapata ziada.

Kinacholiona ni kipimo cha viini vidogo. Kromosomu iliyoachwa hujifunga peke yake kando ya kiini kikubwa, kama mtoto aliyeachwa nje ya mlango. Kwa panya tunatazama damu changa kwenye uboho wa mfupa. Seli nyekundu ya damu ya mnyama kama sisi ikikomaa huwa inatupa kiini chake nje, na yule mdogo hubaki ndani, akaonekana wazi kabisa kwenye kioo. Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Mtu akikwambia "imepimwa", muulize imepimwa kwa lipi.

Kuna habari njema kidogo. Dawa za kulegeza nyuzi zina kizingiti: chini ya kiwango fulani nyuzi zinazobaki zinatosha kufanya kazi, na kosa halitokei. Kwa hiyo kupunguza kinachoingia mwilini kuna maana kubwa. Mkono kwenye ndoo ni kitu kimoja, glavu ni kitu kingine kabisa.

#9 Pembejeo_Muheza

Salaam. Mimi nina duka la pembejeo hapa Muheza, wateja wangu wengi ni wa michungwa na wachache wa mboga. Nakiri nimewahi kusema "chukua ya kijani, ni salama". Sikujua, na nimeumia kusoma hapa. Ninachotaka kujua: kuna mzigo unakuja na bei ya chini sana, jina la kiambato ni lile lile, asilimia ni ile ile. Je, madhara ni yale yale?

#10 BintiMlalo

Kaka wa Muheza, nakushukuru kwa kusema hadharani. Swali lako linastahili jibu refu.

Zamani baadhi ya maabara zilipima kabendazimu kwa Ames zikapata vitone, nyingine hazikupata. Ikaja kugundulika vitone vilitokana na uchafu. Wakati wa kuitengeneza kiwandani huzaliwa kemikali mbili za jamii ya fenazini kwa kiasi kidogo sana, na hizo ndizo zinazoshambulia DNA moja kwa moja. Ndiyo sababu viwango vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vinaweka kikomo kikali cha uchafu huo, kinachohesabiwa kwa milioni, siyo kwa mia.

Kwa hiyo pakiti mbili zenye jina moja na asilimia moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kwa vinasaba vya mtu. Aliyetengeneza kwa uangalifu ameondoa uchafu, na kuuondoa kunagharimu. Aliyechakachua hana sababu ya kuuondoa. Uchafu huo unaoshambulia DNA moja kwa moja hauna kizingiti cha kutegemea, tofauti na dawa za kulegeza nyuzi nilizoeleza juu.

Angalia namba ya usajili kwenye lebo. Msajili wa viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, makao makuu Arusha, iliyochukua kazi za TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Pakiti isiyo na namba, au yenye lebo ya lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza, usiipokee hata kwa bei ya bure. Na ukiona kwenye lebo ile alama ya kifua cha mtu chenye nyota iliyopasuka, hiyo ndiyo inayozungumzia mambo ya uzi huu: vinasaba, kansa, uzazi. Mwonyeshe mteja hiyo kabla ya rangi.

#11 Fundi_Mabanda

Nimerudi. Basi na glaifoseti, ile dawa ya magugu, je? Huyu anasema inaleta kansa, huyu anasema haina neno. Nani mkweli?

#12 BintiMlalo

Kwa kifupi: Machi 2015 wakala wa WHO wa utafiti wa kansa, IARC, waliiweka kundi 2A, yaani huenda inasababisha kansa kwa binadamu, wakasema ushahidi wa kuharibu vinasaba ni wa nguvu. Novemba mwaka huo huo mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ikasema haielekei. Sehemu ya tofauti ni kwamba IARC walitazama pia dawa kamili kama inavyouzwa, na viambato vya kulainisha na kunatisha ndani yake, wakati tathmini ya Ulaya ilisimama zaidi kwenye kiambato chenyewe.

Na hilo linanirudisha kwenye ndoo ya mdogo wangu. Vipimo nilivyoeleza hufanywa kwa kawaida kiambato kimoja kimoja. Ndoo yake ilikuwa na pakiti mbili na chupa moja. Mchanganyiko ule haukuwahi kukaa kwenye sahani ya maabara yoyote. Yeye ndiye sahani. Kila nikiliandika hilo mkono unanitetemeka.

#13 Baba_Mtarajiwa

Dada, mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Mimi napiga dawa Soni mara mbili kwa wiki, bomba langu linavuja mgongoni mpaka suruali inalowa. Nimesoma uzi wote sijalala. Mtoto yuko salama?

#14 BintiMlalo

Ndugu yangu, kwanza tulia. Watoto wa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa kwa miongo mingi, na ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi halikuonekana, ingawa wazazi wao walipigwa na mionzi inayojulikana kuvuruga vinasaba. Mwili una mafundi wa kukarabati. Kuogopa kila kitu hakutamsaidia mtoto.

Lakini lile bomba lirekebishe leo, siyo Jumatatu. Ngozi ya sehemu za siri za mwanamume hupitisha sumu mara nyingi zaidi ya ngozi ya mkono, na maji yanayovuja mgongoni yanateremka huko huko. Mbegu ya kiume inachukua takriban siku 74 kutengenezwa. Kwa mimba hii mbegu yako imeshamaliza kazi. Wa kulindwa sasa ni mama na mtoto. Usimkumbatie mkeo na nguo za shamba. Zivulie nje, zifuliwe peke yake, na asifue yeye. Makopo yasiingie jikoni hata kama yameoshwa. Mkizungumza na mkunga kliniki mwambieni kazi yako ni ipi.

#15 Baba_Mtarajiwa

Nimekwenda Mombo leo kununua mpira wa bomba na glavu. Asante sana dada.

#16 Ticha_Korogwe

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, Korogwe. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wapiga dawa. Hatuna S9 wala Salmonela, tuna hadubini mbili tu. Kuna kitu chochote tunaweza kufanya wakaona kwa macho yao?

#17 BintiMlalo

Mwalimu, kipo, na kinaanzia sokoni: kitunguu maji.

Albert Levan wa Sweden alikitumia mwaka 1938, na mpaka leo watu wanakitumia. Kitunguu kina kromosomu 16 tu, tena kubwa, zinaonekana kwa hadubini ya shule. Kiketishe juu ya mdomo wa chupa, kitako kiguse maji. Siku mbili tatu mizizi inatoka. Kata ncha za mizizi, kama milimita mbili hivi, zilale usiku kwenye mchanganyiko wa spiriti na asidi ya asetiki, tatu kwa moja. Kisha zilainishe kwa asidi ya haidrokloriki nyepesi, weka rangi ya asetokamini, funika na kioo, bonyeza kwa kidole gumba mpaka seli zitandazike safu moja.

Nakuomba usiwape wanafunzi dawa yenyewe. Pima maji. Vitunguu vitatu kwenye maji ya mvua, vitatu kwenye maji ya mfereji unaotoka kwenye bustani baada ya siku ya kupiga dawa. Wavae glavu. Kwanza wapime urefu wa mizizi, halafu kwenye kioo watafute seli zinazogawanyika: kromosomu iliyobaki nyuma, daraja kati ya nusu mbili zinazoachana, kiini kidogo pembeni. Wahesabu seli elfu moja kwa kila kitunguu, na anayehesabu asijue kitunguu kipi kimetoka maji gani. Hilo la mwisho usiliache.

#18 Ticha_Korogwe

Vitunguu nimenunua sita leo jioni, vya ukubwa mmoja. Asetokamini ipo kabatini, spiriti ipo. Maji ya mvua nimekinga. Ya mfereji ndiyo nasubiri. Nataka yatoke bustani za juu kabisa.

#19 BintiMlalo

Mwalimu, mdogo wangu anapiga dawa Alhamisi asubuhi. Nimempigia simu, amekubali kukujazia chupa mbili Ijumaa na kuziweka kwenye basi la kushuka Mombo. Amesema atavaa glavu wakati wa kuchota.